Kelele Tamu na Usingizi wa Jirani: Historia Fupi ya Amplifaya ya Gitaa



Leo naomba niweke kando mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze habari ya amplifaya ya gitaa. Najua wengine mtauliza: huyu mtu wa programu na magitaa wapi na wapi? Subirini kidogo. Kifaa hiki kina kasoro moja ya usanifu ambayo mafundi wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 50. Ukiifuata kasoro hiyo unapitia redio za valvu, vita vya pili vya dunia, viwanja vya michezo, mpaka hizi kompyuta tunazobeba mgongoni. Nami nimeifuata kwa sababu nyepesi sana: iliniletea ugomvi nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni mtu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nafanya kazi nikiwa nyumbani, laptopu mezani na intaneti ya simu, na jioni napiga gitaa kidogo kutuliza kichwa. Mwaka jana nilinunua amplifaya ya valvu ya wati 50 huko Mombasa, kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa akipiga mahotelini na sasa amepumzika. Ni nzito kama nusu gunia la mahindi. Niliipandisha matatu mpaka Gongoni, kisha nikaipakia bodaboda mpaka nyumbani huku nimeikumbatia kama mtoto.

Siku ya kwanza nilipiga dakika kumi tu. Bibi wa nyumba ya pili akaja mlangoni.

"Hodi."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hilo jenereta mtalizima saa ngapi? Babu yako amerudi baharini alfajiri, mpaka sasa hajapata usingizi."

"Niwie radhi bibi. Nalizima sasa hivi."

Sikumwambia kwamba si jenereta. Kwa sauti iliyokuwa ikitoka pale, hata mimi nisingebishana naye.

Kwa wasiojua vijiji vya wavuvi: hapa usingizi hufuata maji, haufuati saa. Watu hutoka usiku, hurudi asubuhi, hulala mchana. Hakuna saa unayoweza kusema "sasa kila mtu yu macho, acha nipige". Na nyumba zetu nyingi kuta za ndani hazifiki paa, kwa hiyo sauti hupita juu kama upepo. Mama yangu akalisema wazi: kitu cha kunigombanisha na majirani hakikai nyumba hii. Akanipa muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Nikiwa sijapata dawa, amplifaya irudi ilikotoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kupunguza sauti hakukuwa dawa. Nikiipunguza, sauti inakuwa nyembamba, inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Nikiifungua inanenepa, noti moja inakaa hewani mpaka unachoka wewe, lakini bati la paa linatetemeka. Yaani uzuri wa sauti na ukubwa wa sauti vimefungwa kamba moja. Kwa lugha ya sisi watu wa programu, vigezo viwili ambavyo vingepaswa kujitegemea vimeandikwa kama kigezo kimoja. Nikajiuliza: nani aliandika hivi, na kwa nini?

Kilianza kama dawa ya kutosikika

Gitaa kavu lina sauti ndogo. Katika bendi za densi za Marekani miaka ya 1920 na 1930, mpiga gitaa alikaa nyuma ya matarumbeta na ngoma, na hakuna aliyemsikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 likatoka gitaa la umeme la Rickenbacker lililopewa jina la utani la kikaango, kwa umbo lake. Mwaka 1936 Gibson wakatoa ES-150, na mwaka 1939 kijana Charlie Christian akajiunga na Benny Goodman akiwa na gitaa la aina hiyo. Kwa mara ya kwanza watu wengi walisikia gitaa likipiga mstari wake mbele ya bendi kama saksafoni.

Amplifaya za siku zile zilikuwa ndugu wa redio. Ndani yake mlikuwa na valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, teknolojia ambayo mizizi yake ni valvu ya Lee de Forest ya mwaka 1906. Nguvu yake ilikuwa ndogo, wati 10 au 20 hivi. Na lengo la fundi lilikuwa moja tu: kinachoingia ndicho kitoke, kikubwa zaidi, bila kuharibika.

Sasa, kila amplifaya ina mwisho wake. Ukiisukuma kupita hapo, wimbi la sauti halina tena pa kupanda, linakatwa kichwa. Hapo pana jambo la kufurahisha. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa sauti nyingine juu ya noti yako, zenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti yenyewe. Pia tofauti ya kupiga kwa nguvu na kupiga polepole hupungua, ndiyo maana noti inaonekana kudumu. Na valvu haikati kwa wembe. Huanza kuinama taratibu kabla ya kufika mwisho. Amplifaya nyingi za transista hazina adabu hiyo: zinakwenda sawasawa mpaka ukutani, halafu pwaa.

Tena katika amplifaya ya valvu kuinama huko hutokea mahali panne: valvu ndogo za mwanzo, valvu kubwa za nguvu, transfoma ya kutolea sauti, na spika yenyewe. Shikeni hizo nne. Historia yote inayofuata ni ya watu waliojaribu kuzipata zote bila kuamsha mtaa.

Kasoro inageuka sifa

Baada ya vita, Leo Fender, fundi wa redio wa California, alianzisha kampuni yake mwaka 1946. Mwaka 1952 akatoa amplifaya ya gitaa la besi, akaiita Bassman. Miaka kumi baadaye, kule Hanwell magharibi ya London, Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma. Wapiga gitaa waliokuja dukani walitaka kitu chenye nguvu kuliko walivyovizoea. Mwaka 1962 Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven wakaifuata sakiti ya Bassman karibu kama ilivyo, wakitumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ndivyo ilivyozaliwa JTM45. Sisi tunaochukua programu huria ya mtu na kuirekebisha kidogo hatuna la kumlaumu.

Kisha mbio zikaanza. Mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who alitaka nguvu zaidi, na Marshall wakaja na wati 100. Mwaka huo huo, tarehe 15 Agosti, The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, na Vox walikuwa wamewatengenezea amplifaya za wati 100. Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu mitambo ya kumbi na viwanja haikuwa na uwezo wa kubeba sauti za magitaa kama inavyofanya leo. Amplifaya ya mpiga gitaa ndiyo iliyopaswa kumfikia mtu wa kiti cha mwisho. Ukubwa ule ulitokana na mahitaji ya mahali, haukuwa ulevi wa kelele peke yake.

Halafu ikaja mwaka 1966. Eric Clapton aliingia studio za Decca, London, kurekodi na John Mayall, akiwa na amplifaya ya Marshall, akashikilia kupiga kwa sauti ile ile ya jukwaani. Mainjinia walizoea magitaa ya upole, na hapo valvu zilikuwa zinalia. Albamu ilipotoka, wapiga gitaa duniani waliisikia ile sauti nene yenye kudumu, wakaitaka. Tangu siku hizo kile ambacho mafundi walikiona ni ubovu kikawa ndicho kinachouzwa. Tatizo ni kwamba kilipatikana kwa njia moja tu: kufungua mpaka mwisho.

Majaribio ya kuifungua ile kamba

Jaribio la kwanza ni rahisi: tumia amplifaya ndogo, ifike mwisho wake mapema. Mwaka 1970, katika albamu ya Layla, Clapton yule yule alitumia Fender Champ, kidude cha wati 5 hivi. Kwenye rekodi kinasikika kikubwa, kwa sababu maikrofoni haijui wati.

Nikasema nimepata jibu: ninunue ya wati 5. Halafu nikapiga hesabu. Masikio hayahesabu wati kwa mstari ulionyooka. Ukipunguza nguvu mara kumi, sauti hushuka desibeli 10, na sikio huona imepungua kama nusu tu. Kwa hiyo kutoka wati 50 mpaka wati 5 ni nusu ya ugomvi, si mwisho wa ugomvi. Spika nyingi za gitaa hutoa karibu desibeli 98 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Wati 50 ni kama desibeli 115. Wati moja, ambayo kwa kusikia tu unadhani ni mchezo wa watoto, bado ni 98. Ili ushuke mpaka desibeli 78, ambazo nyumba inaweza kuzivumilia mchana, unahitaji sehemu moja ya mia ya wati. Narudia: 0.01. Amplifaya yangu ilikuwa na nguvu mara 5,000 ya mahitaji ya nyumba yetu!

Jaribio la pili ni kuweka vitufe viwili. Randall Smith wa California, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua amplifaya ndogo za Fender akazipa sakiti kali zaidi, na kazi hiyo ikazaa jina la Boogie. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa waliozipiga mapema. Marshall nao wakatoa modeli zao zenye volyumu kuu mwaka 1975. Kitufe cha kwanza kinasukuma valvu za mwanzo, cha pili kinaamua kiasi gani kitoke. Kamba imefunguliwa! Lakini hesabuni zile sehemu nne. Kitufe hiki kinakupa ya kwanza tu. Valvu za nguvu, transfoma na spika zinabaki zimelala. Ndiyo siri ya nyuki ndani ya kopo.

Jaribio la tatu ni la Eddie Van Halen, ambaye kabla ya albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1978 alikuwa akipunguza umeme unaoingia kwenye amplifaya kwa transfoma ya kurekebisha volti, ili valvu zilegee mapema. Hili naomba msilijaribu. Umeme wetu ni volti 240, na ndani ya amplifaya ya valvu hupanda kupita volti 400. Kapasita zake huweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Hakuna sauti ya gitaa yenye thamani ya matanga.

Jaribio la nne ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu mwenyewe ni mhandisi aliyefanya kazi usiku nyumbani kwake. Tom Scholz alisoma MIT, akaajiriwa Polaroid, na sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi yake ya Boston, iliyotoka mwaka 1976, aliirekodi katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1980 akaanza kuuza kisanduku alichokiita Power Soak. Kinakaa kati ya amplifaya na spika, kinameza nguvu na kuigeuza joto. Amplifaya inalia kwa nguvu zake zote, spika inapata kijiko kimoja. Hapo sehemu tatu kati ya nne zinapatikana. Mwaka 1982 akatoa Rockman, kidude cha kuvaa kiunoni na kusikilizia kwa vipokea sauti vya masikioni.

Lakini hata Scholz hakuweza kurekebisha sikio. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walichora mistari inayoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, masikio yetu hupoteza besi kwanza, na pia sehemu ya sauti kali za juu. Yaani rekodi ile ile, ikipunguzwa tu, itaonekana nyembamba. Sehemu ya ule wembamba niliokuwa nikilaumu valvu ilikuwa kichwani mwangu.

Jaribio la tano ni kutenganisha makelele na watu. Studio hufanya hivyo: amplifaya chumba kimoja, mpigaji chumba kingine, waya katikati. Sisi wa Ngomeni tuna mfano mkubwa zaidi wa wazo hilo. Wataliano walipotaka kurusha roketi hapa, waliweka majukwaa mawili ya chuma baharini, San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea, yakiunganishwa kwa nyaya. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa chombo cha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ya mwisho ilikuwa mwezi Machi 1988. Makelele yalikuwa mahali pake, vidole vya kuongoza mahali pengine. Mimi sina jukwaa baharini. Nina kabati la nguo, na nililijaribu, na mama akauliza kwa nini kanga zake zinaimba.

Jaribio la sita ndilo letu sisi wa kompyuta: kuiga. Mwaka 1998 Line 6 walitoa POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe, ndani yake programu inayoiga tabia za amplifaya maarufu. Mwaka 2011 Kemper wakaja na mashine inayosikiliza amplifaya halisi na kuchukua sura ya sauti yake. Miaka ya karibuni Steven Atkinson ametoa programu huria, Neural Amp Modeler, inayofunza mtandao wa neva kwa kuupa sauti iliyoingia na iliyotoka, basi. Mtandao haujui valvu ni nini, lakini unajifunza namna zinavyoinama. Sehemu zote nne, kwa sauti yoyote unayotaka.

Ugonjwa wa njia hii ni ucheleweshaji. Kompyuta husoma sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 2.7. Ukijumlisha kuingia, kutoka, na vifaa vya kugeuza, unaweza kufika 8 au 10. Msiogope: sauti hewani hutembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 9 ni sawa na kusimama mita tatu kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa wa bendi amezoea hivyo kila siku.

Wazee wetu walipita njia nyingine

Mpaka hapa nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Nikaweka programu, nikavaa vipokea sauti, nikatafuta rekodi za kulinganisha. Ndipo nikakutana na jambo lililonirudisha nyuma.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 upande wetu huu huu wa Kilifi. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, kilichowafuata askari wa Afrika Mashariki mpaka Asia. Baada ya vita akarekodi Nairobi, akifanya kazi na Mwingereza Peter Colmore, na anatajwa na wengi kama mwanzilishi wa gitaa la umeme nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi ya Them Mushrooms ilirekodi naye upya nyimbo zake za zamani. Alifariki mwaka 2000.

Sikilizeni gitaa lake. Ni safi kama maji ya mtungi. Hakuna wimbi lililokatwa kichwa. Unene wa sauti unatoka kwenye kodi za kijazi alizozishika kwa mkono wa kushoto, na uhai wake unatoka kwenye vidole vya kulia.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, Kongo, akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu na vidole tu. Ukiisikiliza unadhani ni watu wawili. Kutoka kwenye mikono kama hiyo ndipo magitaa yetu ya umeme yalipojifunza kusema: solo juu, rizimu katikati, besi chini, kila moja limeacha nafasi kwa mwenzake. Magitaa mawili matatu yakifumana hivyo hayataki mpasuko mwingi, kwa sababu mpasuko hujaza zile nafasi na mfumo mzima unakuwa tope.

Kuna sababu ya kiuchumi pia. Bendi nyingi za dansi hazikuwa na vyombo vyao wenyewe. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Amplifaya ilikaa kwa mwenyewe, haikwenda nyumbani na mpigaji. Nyumbani mtu alifanya mazoezi kwa gitaa kavu, ambalo Watanzania waliliita galatoni, kutoka jina la Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Na msidhani ni la kudharau: gitaa la kwanza la John Lennon, alilokuwa nalo mwaka 1957, lilikuwa Gallotone. Basi wazee wetu walitatua tatizo langu kabla sijazaliwa. Sauti nzuri waliitengeneza vidoleni, kwa wati sifuri, chumbani. Jioni walipokwenda ukumbini, amplifaya ilikuza tu kile kilichokwisha kuwa kizuri.

Hapo nikaona kosa langu, na ni kosa tunalolifanya sana kazini kwetu: nilikuwa natatua vizuri kabisa tatizo lisilo langu. Nilichukua mahitaji ya Shea Stadium nikayaleta kwenye nyumba ya vyumba vitatu Ngomeni. Nilidhani sauti nzuri ina maana moja, ile ya mwaka 1966, kwa sababu vitabu na video nilizojifunzia zilisema hivyo. Lakini nyimbo nilizokua nazo, zile za redio ya babu yangu, zilitaka sauti safi. Na sauti safi haihitaji kufika mwisho wa amplifaya. Ndiyo sauti inayoishi vizuri nyumbani.

Nilivyofanya mwishowe

Kwa wenye shida kama yangu, mpangilio wangu ni huu.

Kwanza, mchana napiga safi, kwa ile ile amplifaya ya valvu. Nimenunua kisanduku cha kumeza nguvu, kilichoandikwa kubeba zaidi ya wati 50, na kinacholingana na omu za spika yangu. Usikisie hapa. Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu bila spika au mzigo: unaweza kuiua transfoma.

Pili, nimeinua amplifaya kutoka sakafuni nikaiweka juu ya kiti chenye godoro dogo, ielekee masikioni mwangu. Ikiwa sakafuni unaiongeza kwa sababu inapigia magoti. Godoro linazuia besi isitembee sakafuni mpaka kwa jirani.

Tatu, besi naiongeza kidogo tu. Fletcher na Munson wanasema ongeza, lakini besi ndiyo inayopita ukutani. Kati ya sikio langu na usingizi wa babu, nimechagua babu.

Nne, nikitaka mpasuko, navaa vipokea sauti na kutumia programu. Hata saa nane za usiku.

Tano, hili la pwani: hewa yetu ya chumvi hula chuma. Naifunika amplifaya kwa shuka, na jeki nazisafisha mara kwa mara. Mkwaruzo mwingine unaodhani ni wa valvu ni kutu tu.

Sita, kila siku nusu saa ya kwanza napiga gitaa likiwa halijaunganishwa na chochote. Hili ndilo lililobadilisha sauti yangu kuliko vifaa vyote nilivyotaja.

Ramadhani ilipoandama amplifaya ilikuwa bado ipo. Mama hakusema kitu, nami sikuuliza. Siku moja alasiri, baada ya mwezi kwisha, nilikuwa najaribu kushika wimbo mmoja wa zamani, polepole, sauti safi, dirisha wazi. Bibi wa nyumba ya pili akapita na ndoo yake, akasimama.

"Mjukuu wangu, mmenunua redio mpya?"

"Hapana bibi. Ni lile jenereta."

Akacheka mpaka akaitua ndoo chini. Kisha akaniuliza kama lile jenereta linajua nyimbo za harusi.

Bado najifunza. Haya wadau, tuonane tena panapo majaliwa.